Nani anangoja mlangoni?



Mwezi uliopita, kiisha ibada, kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni. Alikuwa na haya kidogo. Akasema: "Baba Pasta, banasema uliingiaka mu baa kule Ulaya. Ni kweli ao ni bongo?" Nikamjibu: "Si bongo. Niliingia, nikakaa saa mbili nzima." Macho yakamtoka. Basi nimeona afazali niwaandikie ninyi wote, maana habari ya namna hii ikipita kwa midomo ya watu inaongezeka kama mto wakati wa mvua.

Ilikuwa mwaka wa 2018. Wakristo wa kanisa moja la Uingereza walinialika kukaa nao majuma mawili, karibu na muji wa Dudley, upande wa mangaribi ya Birmingham. Fasi ile wanaiita Nchi Nyeusi, kwa ajili ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda vya zamani. Chini ya udongo wao kulikuwa tabaka ya makaa yenye unene wa metre 10 hivi. Watu walichimba makaa, walifua chuma, walitengeneza minyororo. Nanga kubwa ya meli Titanic ilitengenezwa pale pale, katika kijiji cha Netherton, mwaka wa 1911. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 16, na farasi 20 waliivuta mpaka kituo cha treni cha Dudley. Mnaona? Ni watu kama sisi, watu wa udongo na tanuru.

Jumamosi moja, mzee aliyenipokea nyumbani kwake, mtu wa kanisa kabisa, akaniambia kwa Kifaransa chake kidogo: "Pasta, umeona kanisa letu, umeona makaburi yetu. Lakini hutaijua Netherton kama hujaona Old Swan." Old Swan ni pabu. Neno hilo kwa Kiingereza ni ufupisho tu. Maana yake ni nyumba ya watu wote. Watu wa kijiji wanaiita pia Ma Pardoe's, ndiyo kusema kwa Mama Pardoe, kwa sababu ya mama mmoja, Doris Pardoe, aliyeiongoza tangu miaka ya 1930 mpaka alipokufa mwaka wa 1984.

Tulifika. Mzee akafungua mlango. Mimi nikabaki inje. Miguu ilikataa.

Niwaeleze sababu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Siku ya malipo, kutoka kazini mpaka kwetu kulikuwa baa tatu, na baba hakuzipita zote. Nilipokuwa na miaka minane, mama alinituma: "Enda usimame pale mulango ya baa. Baba akikuona, atakumbuka nyumba." Nikaenda. Nikasimama. Baba akaniona, akafurahi sana, akaniita ndani, akaninunulia limonadi nyekundu ya baridi. Nikainywa yote, nikasahau kilichonileta. Nikarudi nyumbani na tumbo nzuri na mikono mitupu. Mama akaangalia midomo yangu ilivyokuwa myekundu. Hakunipiga. Alisema tu: "Na weye pia umekunywa." Jamaa, kuna fimbo zinazopona upesi. Lile neno halijapona mpaka leo.

Ndiyo maana nilisimama mlangoni pale Netherton kama mtoto wa miaka minane. Mzee akanirudia, akanishika mkono. Tukaingia.

Nilitazamia giza, makelele na muziki wa kupasua masikio. Kumbe sivyo. Ni chumba kidogo chenye jiko la zamani la chuma, na bomba lake linapanda juu. Dari ni ya mabati yaliyopakwa rangi ya kung'aa, na katikati amechorwa yule ndege mweupe wa majini mwenye shingo ndefu, ambaye nyumba imepewa jina lake. Wazee wanazungumza kwa sauti ya chini. Bibi na bwana wanakula. Hakuna mtu wa kukufuata mezani kuuliza unataka nini; wewe mwenyewe unasimama, unakwenda kwenye meza ndefu ya kuuzia, unalipa papo hapo, unachukua kilauri chako. Na watu wakiwa pamoja, kila mmoja ananunulia wenzake wote kwa zamu yake. Anayekunywa za wengine na kukimbia zamu yake, jina lake linaharibika kijijini.

Watu wanatoka mbali kuja pale kwa ajili ya bia yenyewe. Wanaiita bia ya kweli, na mzee alinieleza kwa nini. Inapikwa nyuma ya nyumba ile ile, kwa vitu vine: maji, kimea cha shayiri, maua machungu yanayoitwa hopsi, na chachu. Mama zetu wanaopika kibuku wanajua kazi ya kimea. Lakini angalieni tofauti. Bia nyingi za kiwanda zinachujwa, chachu inauawa au kuondolewa, kiisha wanaingiza gesi. Bia ile ya kweli inatiwa katika pipa ikiwa ingali hai. Chachu inaendelea kufanya kazi ndani ya pipa, katika chumba cha chini ya nyumba, penye baridi ya digri 11 mpaka 13. Hawaiongezei gesi. Anayeuza anaivuta kwa nguvu ya mkono wake, kwa pampu. Na kwa kuwa iko hai, inaharibika: pipa likifunguliwa, linapaswa kwisha kwa siku tatu hivi. Ni sawa na munkoyo wetu, ambao haungojei mtu.

Kilauri chao kinaitwa painti, ni mililita 568. Chupa yetu kubwa ya santilita 72 inakipita. Tena bia zao nyingi za kila siku si kali: nguvu yake ni asilimia 3 na nusu, au 4 na kitu. Mtu anaweza kukaa na kilauri kimoja jioni nzima, akizungumza.

Bia ya namna hiyo ilikuwa karibu kufa. Miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilinunua viwanda vidogo, wakajaza nchi na bia ya gesi katika madumu ya chuma, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuitunza na kuisafirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pabu zilizobaki zikipika bia yao wenyewe zilikuwa nne tu katika Uingereza nzima, na Old Swan ilikuwa moja yao. Mwaka wa 1971 vijana wanne wa Kiingereza, wakiwa mapumzikoni Ireland, wakaanzisha shirika la kuitetea, linaitwa CAMRA. Hawakuwa wakubwa, hawakuwa matajiri. Walikuwa wanywaji tu waliokataa kunyweshwa kitu kibaya. Shirika likakua likapata watu maelfu na maelfu, na wapishi wadogo wa bia wakaanza tena kila upande. Nawaambieni ukweli, nilishangaa: watu wanaweza kusimama pamoja kwa ajili ya kilauri, na sisi tunashindwa kusimama pamoja kwa ajili ya bomba la maji ya mtaa.

Na Pasta alikunywa nini? Najua mnangojea hapo. Nilikunywa limonadi. Ilikuwa nyeupe, si nyekundu, lakini koo lilinibana vilevile.

Karibu nasi aliketi mzee mmoja mwenye mikono mikubwa. Ujana wake alifanya kazi Baggeridge, mgodi wa mwisho wa makaa katika Nchi Nyeusi. Ulifungwa mwaka wa 1968. Alipojua natoka nchi ya migodi, alivuta kiti chake. Nikamwuliza neno lililokuwa moyoni mwangu: "Siku ya malipo, mzee, ilikuwa namna gani hapa?"

Akacheka kidogo. Akasema: "Baba yangu alikunywa kila jioni, vilauri viwili. Lakini siku ya malipo alipita nyumbani kwanza. Aliweka bahasha mezani ikiwa haijafunguliwa. Mama akaifungua, akahesabu, kiisha akampa baba sehemu yake. Baba alikunywa kadiri mama alivyopima." Alinyamaza, kiisha akaongeza: "Si wote walifanya hivyo. Mtaani kwetu tulijua nyumba zile ambazo bahasha haikufika."

Njiani kurudi, mwenyeji wangu alinifundisha habari iliyonishangaza zaidi kuliko ile bia. Zamani, kampuni za Nchi Nyeusi hazikulipa wachimbaji mmoja mmoja. Zilimpa kapita mafranga ya kazi yote, na kapita akawalipa watu. Aliwalipa wapi? Ndani ya pabu! Mara nyingi pabu ilikuwa yake mwenyewe, ao ya ndugu yake. Aliwangojesha saa nyingi, na wao wakingoja walikunywa kwa deni. Alipofika na mafranga, deni lilikatwa kwanza. Mabibi walisimama inje na watoto. Ndiyo sababu sheria ya migodi ya mwaka wa 1842, ile iliyokataza mabibi na watoto wadogo kufanya kazi chini ya udongo, ilikataza pia kulipa wachimbaji ndani ya pabu. Mwaka wa 1883 sheria ingine ikaeneza katazo hilo kwa wafanyakazi wengine.

Angalieni akili ya sheria hiyo. Haikufunga pabu. Haikukataza bia. Ilitenganisha tu meza ya malipo na meza ya pombe. Iliweka njia katikati, ili mtu apate nafasi ya kukumbuka kwake. Sikuandika haya ili kusifu pombe, wala sisemi kwamba Waingereza hawalewi. Wanalewa, tena wengine wanajifungia nyumbani na bia ya bei rahisi ya dukani, na pabu nyingi zimefungwa. Lakini ile njia katikati ni neno la kujifunza. Vijana wetu wanaochimba kwa mikono na kuuza mawe wanajua jinsi kibanda cha lutuku kinavyopenda kusimama karibu na depo. Hakikusimama pale kwa bahati.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama yote. Ni mzee sasa. Baba alikwisha kutuacha. Alisikiliza habari ya jiko, ya ndege kwenye dari, ya pipa na pampu. Halafu akauliza neno moja tu: "Na bibi zao, walikuwa wapi?"

Nikasema: "Walikuwa ndani, mama. Wameketi, wanakula na kuzungumza."

"Na mulangoni, nani alikuwa anangoja?"

"Hakuna mtu, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharagi yake. Kiisha muda akasema: "Ile limonadi, nilikusamehe zamani. Ulikuwa mutoto. Aliyekununulia ndiye alikuwa mukubwa."

Basi, kijana wa kwaya, hiyo ndiyo habari ya Pasta na baa ya Ulaya. Na ninyi wababa mnaolipwa mwisho wa mwezi huu, sitawauliza mmekunywa nini. Nitawauliza: bahasha imepita wapi kwanza? Na kabla ya kukaa mahali popote, geuka uangalie nyuma yako. Nani anangoja mlangoni?

Kwa herini, mpaka mwezi ujao.