Mama zetu wa siasa wasiwakimbie waandishi wa habari

Bismillahir Rahmanir Rahim

Novemba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, dada yetu mmoja katika imani, mkazi wa hapa Igoma, alikuwa akigombea ujumbe wa mtaa wake. Mwandishi wa redio alimfuata nyumbani kumuuliza kuhusu taka za sokoni na mitaro inayofurika kila mvua inaponyesha. Mambo hayo dada huyo anayajua kuliko wengi wetu, kwani ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuyauliza. Lakini kwa haya, na kwa kuogopa maneno ya watu wa msikitini, alimwomba mumewe azungumze badala yake. Mume akasema alichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Jioni likasikika redioni jina la mume. La mgombea halikutajwa.

Nasi hatuna pa kumcheka mwandishi yule. Dada huyo alipochaguliwa tulimpongeza katika kurasa hizi hizi, na tukamwandika "mke wa Alhaji fulani". Jina alilopewa na wazazi wake, ambalo ndilo aliloombea kura, hatukuliandika. Tunamwomba radhi.

Miongoni mwetu kuna kauli iliyozoeleka kwamba sauti ya mwanamke ni aura. Wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili, lakini kauli tunayoiona kuwa na nguvu ni kwamba sauti yenyewe si aura. Kilichokatazwa katika Surat al-Ahzab, aya ya 32, ni kulegeza sauti kwa namna ya kumtia tamaa mwenye maradhi moyoni, na aya hiyo hiyo inaamrisha kusema maneno mema. Imeamrishwa kusema, haikuamrishwa kunyamaza. Mama wa Waumini Aisha (r.a.) amepokewa Hadithi zaidi ya elfu mbili, na Masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kumuuliza. Khawla bint Thaalaba (r.a.) alimjadili Mtume (s.a.w.) juu ya shauri la mumewe mpaka ikateremka Surat al-Mujadila. Anayeona kuwa mama wa Kiislamu, akiwa amejisitiri na kwa adabu zake, haruhusiwi kujibu swali la mwandishi kuhusu dawa za zahanati, basi atuletee dalili yake.

Historia ya nchi hii nayo inatufundisha. Bibi Titi Mohamed, Mwislamu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, aliongoza kitengo cha wanawake cha TANU tangu mwaka 1955. Hakuwa na gazeti wala redio. Chombo chake cha habari kilikuwa vikundi vya akina mama wa lelemama, ambavyo alivijua kwa kuwa alikuwa mwimbaji wao. (Hukumu ya ngoma ina mahali pake; hapa tunazungumzia namna habari ilivyosafiri.) Kwa njia hiyo maelfu ya wanawake walijiunga na chama katika muda mfupi. Lakini mwaka 1965 alishindwa kiti cha ubunge Rufiji, mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake lilififia. Magazeti yalikuwa mikononi mwa chama na serikali, naye hakuwa na pa kusemea. Mwaka 1991 ndipo gazeti la chama tawala lilipomtaja tena kuwa shujaa wa uhuru. Maneno yake mwenyewe tunayo kwa sehemu kubwa kwa sababu mtafiti wa Kimarekani, Susan Geiger, aliketi naye na kuyarekodi, kikatoka kitabu mwaka 1997. Aliyeitikisa nchi kwa sauti yake, sauti hiyo ikahifadhiwa na mgeni!

Hapa ziwani tunaye Mama Getrude Mongella wa Ukerewe. Si mwenzetu katika dini, lakini haki isemwe. Septemba 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, mbele ya waandishi wa dunia nzima, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Yamo katika maazimio ya Beijing ambayo sisi hatukuyakubali wala leo hatuyakubali. Hata hivyo, tukumbuke yaliyotokea nyumbani. Neno "Beijing" liligeuzwa kejeli ya vijiweni: mwanamke akihoji matumizi ya fedha, huambiwa ameleta mambo ya Beijing. Kejeli hiyo ilifika hata katika mawaidha, na wengi walioisema hawakuwa wamesoma ukurasa mmoja wa maazimio yale. Neno likishapewa maana na wengine, kulirudisha ni kazi ngumu, na ndiyo sababu mwanasiasa anapaswa kuieleza hoja yake mapema, kwa lugha inayoeleweka sokoni.

Sasa tuseme na mama zetu walio katika siasa, au wanaokusudia kuingia.

Mfahamuni kwanza mwandishi mwenyewe. Wengi wa waandishi wanaozunguka huku mikoani si waajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa habari iliyotumika, na nauli ni yao. Hapo ndipo bahasha inapoingilia. Mwanasiasa mwenye fedha huita mkutano na waandishi, hugawa bahasha mlangoni, na kesho picha yake iko gazetini. Mwanamke, ambaye mara nyingi hana mfuko huo, huona mlango umefungwa. Tunasema wazi kwamba bahasha ya kununua habari ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa na mwenye kupokea. Msishindane na wanaume katika haramu.

Shindaneni nao katika kile ambacho mwandishi anakihitaji kweli. Anahitaji habari iliyokamilika kabla chumba cha habari hakijafunga kurasa au taarifa ya jioni haijaanza. Anayempa mapema, kwa karatasi moja, ni nini kimetokea, wapi, kiasi gani cha fedha kilitengwa na halmashauri na kiasi gani kimetumika, na nani wa kuthibitisha, amempunguzia nusu ya kazi. Simu yake ipokelewe. Kama jibu hamnalo, semeni mtalitafuta na mtaje saa ya kurudisha jibu, kisha mrudishe. Mwandishi humkumbuka aliyemwambia kweli. Na swali likiwa juu ya mavazi, ndoa au idadi ya watoto, jibuni kwa upole kwamba mmekuja kuzungumzia maji, kisha mzungumzie maji. Msigombane naye, kwani ugomvi huo ndio utakaotangazwa.

Mkiandikwa uongo, dai la kwanza ni masahihisho kutoka kwa mhariri, kwa maandishi. Akikataa, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe, ambalo husikiliza malalamiko na kusuluhisha. Njia hiyo ni bora kuliko kunung'unika barazani.

Pia msiegemee simu peke yake. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo, ambaye njia yake yote ya kuwafikia watu ni makundi ya WhatsApp hana namna ya kukanusha hata uvumi mmoja. Redio, gazeti na mdomo wa jirani bado vina kazi.

Linabaki letu sisi wa msikitini, nalo ndilo zito. Uvumi dhidi ya mwanamke wa siasa hauanzii gazetini siku zote. Mara nyingi huanzia kwetu, baada ya swala, palipo na viatu mlangoni: amepata nafasi kwa njia gani, alirudi saa ngapi, alikuwa na nani. Mwandishi huokota yaliyokwisha kusemwa. Bibi Aisha (r.a.) alizushiwa, na uzushi ule ulizunguka Madina takriban mwezi mzima, ukibebwa hata na waumini wema, mpaka zikateremka aya za Surat an-Nur kumtakasa na kuwakemea waliopokezana maneno bila kuyajua. Sheria ya mashahidi wanne tunaihubiri kila mwaka. Je, tumewahi kumsimamisha mtu mmoja pale mlangoni na kumuuliza mashahidi wake wako wapi?

Kuanzia toleo lijalo, Insha Allah, diwani au mjumbe yeyote mwanamke kutoka katika jamaa zetu atakayetuletea taarifa ya kazi yake ataandikwa kwa jina lake kamili, na maneno yatakuwa yake. Taarifa zipokelewe kwa katibu wa msikiti kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi. Mume anayetaka kuzileta kwa niaba ya mkewe anakaribishwa kuzibeba tu.

Wabillahi Tawfiq.