Mluzi Mmoja Watosha

Wahenga walisema miluzi mingi humpoteza mbwa. Methali hii huwa twamtupia mwenye kusikiliza mengi. Leo naigeuza imwelekee mpigaji. Maana mbwa akipotea porini, kosa si lake peke yake.

Najua mluzi kwetu hauna heshima. Mtoto akipiga usiku huambiwa anaita nyoka. Kijana akipiga mbele ya wazee huonekana hakufunzwa adabu. Sivunji adabu hiyo. Nawaomba tu, wasomaji wangu, tuwatazame Wachina wa kale, ambao kwao mluzi ulikuwa fani ya wanazuoni na watawa wa milimani.

Waliuita xiao, nao ulikuwa mluzi au ukelele mrefu utokao kifuani bila neno hata moja. Katika Shijing, diwani yao kongwe ya mashairi, wapigao xiao ni wanawake wenye majonzi, mmoja wao kaachwa na mumewe. Baadaye mshairi Chenggong Sui (231–273) aliusifu kwa utungo mzima. Hoja yake ni kwamba mpigaji hahitaji zeze wala zumari, kwa kuwa ala ni mwili wake mwenyewe. Enzi ya Tang ukaandikwa hata mwongozo wenye njia 12 za kuweka ulimi na midomo na kuachia pumzi. Tazameni jinsi walivyoitaabikia pumzi, kitu ambacho sisi twakimwaga ovyo!

Hodari wao alikuwa Ruan Ji (210–263), ambaye mluzi wake ulisikika hatua mamia kadhaa. Inasimuliwa kwamba alipanda milima ya Sumen, akamkuta mtawa ameketi kando ya jabali, amekumbatia magoti. Ruan Ji akamweleza habari za wafalme wa kale, akamuuliza juu ya elimu ya siri. Mzee akamkodolea macho tu. Maneno yalipokwisha, Ruan Ji akapiga mluzi mrefu. Hapo mzee akacheka, akamwambia apige tena. Mgeni alipokuwa akishuka, katikati ya njia, akasikia sauti kutoka juu kama ya ala nyingi zikipigwa pamoja, na mabonde yakiitikia. Kugeuka, kumbe ni yule mzee! Zingatieni: jibu lilikuja baada ya mgeni kuufunga mkoba wa elimu yake.

Atasema mtu: huyo Ruan Ji alikuwa mwoga. Je, hakulewa siku 60 mfululizo ili mtawala Sima Zhao asipate nafasi ya kumposea mwanawe binti wa Ruan Ji? Ni kweli, na ulevi wake siusifu. Lakini aliishi zama ambazo ulimi uliua. Rafiki yake Xi Kang aliuawa kwa amri ya mtawala huyo huyo. Na anayedhani xiao ni ya waoga amkumbuke jemadari Liu Kun (271–318), aliyezingirwa na wapanda farasi katika mji wa Jinyang. Historia ya enzi ya Jin yasema alipanda mnarani usiku wa mbalamwezi, akapiga mluzi mmoja safi, maadui wakashusha pumzi kwa huzuni. Usiku wa manane akapuliza zumari ya kwao, wakalia kwa kukumbuka makwao. Alfajiri akapuliza tena, wakauacha mji wakaenda zao. Hakuwatukana, wala hakuwahutubia.

Sasa tujitazame. Msibani twamhutubia mfiwa ambaye angetosheka na mkono begani. Mtoto akikosea, baba asema, mama asema, shangazi aongeza, na jirani naye ana lake. Jioni mtoto hajui alikatazwa nini. Kwenye simu twatumiana sauti za dakika kumi, na aliyetumiwa hajamaliza ya kwanza, ya pili imeshaingia. Kisha twalalamika kwamba siku hizi watu hawasikii.

Ndugu zangu, kabla ya kufungua kinywa, tuvute pumzi. La kusema tuliseme mara moja, kwa kifua kizima. Kisha tunyamaze, maana yule mzee wa Sumen hajibu mtu anayeendelea kusema. Mbwa wako yuko porini, masikio kayasimamisha. Mpigie mmoja, ule anaoujua.