Breki Ndiyo Akili ya Gari

Nilikuwa nimepanda Nairobi kumjulia hali binti yangu aliyejifungua, naye na mumewe wanakaa Kawangware. Tulikwenda kwa gari letu la nyumbani, Toyota Prado iliyoundwa mwaka 1999 na kushushwa bandarini Kilindini mwaka 2006. Gari hilo limekwisha kubeba maharusi, wagonjwa na, Mungu awarehemu, maiti wawili wa ukoo wetu. Ndani tulikuwa na mke wangu, dada yangu na wajukuu watatu.

Barabara yote ya kutoka Mombasa ilikuwa salama. Tulipokwisha kuiacha Ngong Road na kushika barabara ya Naivasha kuelekea Kawangware, kijana mmoja mwenye mkokoteni wa maji akatukatia njia. Nikakanyaga breki. Pedeli ikashuka polepole kama mguu unaozama matopeni, na gari likazidi kwenda. Nikakanyaga mara ya pili na ya tatu, nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono. Likasimama pima moja tu kutoka kwa yule kijana. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Lakini usiku ule sikupata usingizi, maana kila nikifumba macho nilimwona mtoto wa watu na madumu yake.

CHINI YA MABATI

Asubuhi mkwe wangu alinipeleka kwa fundi mmoja wa hapo hapo Kawangware, kijana wa makamo anayefanya kazi chini ya mabati manne kando ya njia. Hana kibao wala karani. Aliinua gari kwa jeki, akaliwekea magogo ya kulizuia, akafungua magurudumu yote manne kabla ya kusema neno.

"Mzee, hizi breki zilitengenezwa lini?"

Nikamjibu, miezi mitatu iliyopita, kwetu Mombasa. Akaniwekea pedi ya mbele kiganjani. Ule upande wa kusugua ulikuwa ukimeguka kama mkate uliolala siku tatu, na chuma cha nyuma yake kilikuwa kimeanza kuila diski. Sanduku nililouziwa pedi hizo lilikuwa na jina la kampuni kubwa inayojulikana dunia nzima. Kilichokuwa ndani hakikuwa cha kampuni hiyo.

Akanionyesha na mengine. Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma ilikuwa ikivuja na kuvilowesha viatu vya breki, ndiyo maana hata breki ya mkono ilikuwa dhaifu. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Na bomba la chuma linalopita chini ya gari lilikuwa limeliwa na kutu. "Hili gari ni la baharini," akasema, nami sikuwa nimemwambia natoka wapi. Chumvi ya pwani yetu ilikuwa imeniumbua.

Nilimwuliza kama hawezi kunifungia haraka haraka ili nirudi nyumbani kisha nitengeneze taratibu. Akafuta mikono, akasema: "Mzee, naweza. Lakini wewe ukiondoka mimi sitalala."

Hapo nikanyamaza.

Kwa faida ya wasomaji wenye magari ya umri kama wa langu, nitayaeleza hayo mafuta, kwani wengi wetu hatuyajali. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, hata yakiwa yamefungwa. Yale yanayoandikwa DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye joto la nyuzi 205 au zaidi. Yakisha kunywa maji, kiwango chake cha chini ni nyuzi 140 tu. Breki zikipata moto mtelemkoni, mafuta machafu huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea kwa urahisi. Ndipo mguu unapozama. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, seuze sisi wa pwani ambao hewa yetu ni ya majimaji. Na mtu asithubutu kuongeza mafuta ya injini humo, kwa kuwa huvimbisha mipira ya silinda, na mfumo mzima ukaharibika.

MPAKA KIBERA

Viatu vya nyuma vilihitaji kuvikwa bamba jipya la kusugulia, ambalo mafundi huliita laini. Fundi wangu alisema kazi hiyo anaye mtu wake Kibera. Tukaikata Ngong Road, tukalipita soko la Toi, tukaingia Makina.

Wasomaji wengi wa pwani wakisikia Kibera hudhani ni mabati na matope tu. Walakini jina lenyewe, Kibra, ni la Wanubi, na maana yake ni msitu. Wanubi ni askari wa asili ya Sudani waliotumikia jeshi la KAR, na serikali ya kikoloni ikawapa nafasi ya kukaa hapo. Ni Waislamu wenzetu, na adhana ya Makina imesikika tangu zama ambazo Nairobi yenyewe ilikuwa mji mchanga.

Mzee tuliyemkuta hapo alinipokea kwa salamu na kuniita Maalim. Alikwangua laini kuukuu huku ameilowesha maji, wala hakuipuliza kwa upepo, kwa sababu vumbi la breki za zamani huenda likawa na asbesto, na asbesto huua mapafu. Akabandika laini mpya, akazifunga kwa ribiti moja moja, kisha akavipima viatu ndani ya ngoma yake. Nilimwuliza amejifunza wapi. Akanijibu, kwa marehemu babake. Cheti hana.

SHERIA NA MIKONO

Sasa tuyaangalie mambo ya nchi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ilitoa rasimu ya kanuni ambazo zingetaka magari ya watu binafsi yaliyopita miaka minne tangu kuundwa yakaguliwe kila mwaka. Makelele yalikuwa mengi. Wenye magari walisema ni kodi kwa jina jingine. Lakini mwaka huo huo, tarehe 30 Juni, lori moja lilishindwa kusimama pale Londiani, likawapitia watu waliokuwa sokoni na kituoni, na zaidi ya roho 50 zikapotea. Basi mtu hawezi kusema ukaguzi hauna maana.

Mimi nasema una maana, ila peke yake hautoshi. Ukaguzi ni siku moja kwa mwaka. Siku zilizobaki gari limo mikononi mwa fundi wa chini ya mabati. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliyowatambulisha watu hawa ulimwenguni, nchi imewasifu mafundi wa jua kali kwa maneno matamu, huku ikiwafukuza kando ya barabara kila inapopanuliwa. Mitihani ya ufundi ya NITA ipo, ya daraja la tatu hadi la kwanza, na inampima mtu kwa kazi ya mikono yake. Serikali ingeipeleka mitihani hiyo Kawangware na Kibera kwa ada nafuu, ikawapa waliofaulu idhini ya kutia sahihi kazi ya breki, ingepata wakaguzi wa kila siku wasioihitaji kuwajengea ofisi.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Zile pedi za bandia hazikuota Kawangware. Shehena kubwa ya bidhaa za namna hiyo hupita bandarini kwetu, na wanaoziuza wamo miongoni mwetu, wengine safu ya mbele msikitini. Sote tuliketi chuoni tukasimuliwa habari ya lundo la nafaka katika soko la Madina, lililokuwa kavu juu na majimaji chini, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomkana mwenye kudanganya. Sanduku zuri lenye pedi ya makapi ndilo lundo lile lile.

Wala sitamtupia mwenye duka lawama yote. Siku ile aliniuliza nataka pedi za bei gani. Mimi ndiye niliyesema, "Nipe zile rahisi." Niliweka akiba ya shilingi chache, nikaweka rehani roho za wajukuu wangu na ya mtoto wa watu aliyekuwa akitafuta riziki yake kwa kuuza maji.

Waalimu wetu walitufundisha kwamba neno akili asili yake ni moja na ile kamba ya kumfungia ngamia mguu. Na yule bedui alipouliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kitenzi alichoambiwa kinatokana na mzizi huo huo. Basi breki ndiyo akili ya gari, na asiyeitunza asijifiche nyuma ya neno ajali na kudra.

Tulirudi Mombasa baada ya siku nne. Mtelemko wa kutoka bara niliushuka kwa gia ndogo, kama nilivyousiwa na fundi, na pedeli ilikuwa juu na ngumu. Nawaachia ndugu zangu ubeti huu:

Gari ni kama ngamia, kamba yake ndiyo breki,
Usipoifungilia, majuto hayafutiki,
Fundi akikuambia, msikilize rafiki,
Ukisha kuifungia, tawakali kwa Khalaki.