Karti Mfukoni, Kura Hakuna

Mwanzoni mwa 2023 watu wa Lubumbashi walipanga mistari kujiandikisha, lakini walio wengi walifuata karti tu. Tumeishi miaka mingi bila kitambulisho cha taifa, na karti ya CENI, tume ya uchaguzi, ndiyo inayokufungulia akaunti ya benki na kukuokoa mbele ya polisi usiku. Siku ya kura yenyewe, wengi wanabaki nyumbani na karti yao mfukoni.

Tazameni nchi nzima ilivyoporomoka. Mwaka 2006 walipiga kura asilimia 70 ya walioandikishwa, 2011 asilimia 58, 2018 asilimia 47. Mwaka 2023, kati ya watu karibu milioni 44 walioandikishwa, asilimia 43 tu. Kila mara tunapungua, na kila mara anayetangazwa mshindi anasema wananchi wamemwamini.

Najua jibu la jirani yangu: kura haina faida, wameshapanga. Hasira yake ni ya haki. Tarehe 20 Desemba 2023 kulikuwa na vituo vilivyochelewa kufunguliwa, na kupiga kura kukaendelea kwa siku kadhaa zaidi. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ikafuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, wengine kwa kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Lakini niambieni, kukaa nyumbani kumemwadhibu nani? Mwizi wa kura anapenda kituo kitupu, maana karatasi ambayo mwenyewe hakuja kuijaza inajazwa na mwingine.

Na sisi tuliobaki kwenye mstari tunapiga kura ya nani? Ya asili. Kwa urais, Katumbi ni wa kwetu Katanga, Tshisekedi ni wa kule Kasai, mazungumzo yamekwisha. Ugonjwa huu ni wa zamani hapa. Desemba 1957, Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, ilipopiga kura ya kwanza ya komini, tena ya wanaume peke yao, walioshinda katika komini za Waafrika wengi wao asili yao haikuwa Katanga. Waliokasirika wakaunda chama cha Conakat mwaka 1958. Miaka miwili baadaye kiongozi wake, Tshombe, akatangaza Katanga kujitenga. Mwaka 1992 na 1993, Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana wa Katanga, Wakasai walifukuzwa makwao, wakalundikana kwenye stesheni za treni kwa wiki na miezi, watoto wakafa pale. Waliochochea walipata vyeo. Sisi tulipata makaburi, na bei ya bunga haikushuka hata kidogo.

Wakati tunaulizana kijiji cha baba, pesa zinapita. Sheria ya Migodi ya 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta yenye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komini ya Ruashi hapa mjini ina mgodi wa shaba na kobalti. Asilimia 15 hiyo ndiyo barabara, ndiyo mifereji, ndiyo maji ambayo akina mama wanayatafuta usiku wa manane wakiwa na mabidoni. Nani anaisimamia? Bugumesta aliyeteuliwa kutoka Kinshasa, asiyewahi kuomba kura ya mtu yeyote wa Ruashi.

Katiba ya 2006 iliahidi tutawachagua viongozi wa komini. Uchaguzi huo haukufanyika 2006, wala 2011, wala 2018. Mwaka 2023 hatimaye tulipiga kura ya madiwani. Hao ndio walitakiwa kuchagua mabugumesta, na 2024 ikaisha hawajaitwa kuchagua. Gavana, yeye, walimpata upesi sana Aprili 2024, kwa kura za wabunge wa jimbo peke yao ndani ya ukumbi. Kwa kazi inayowafaa wakubwa, kalenda haikukosa tarehe.

Huu ni wizi wa mchana, na unawezekana kwa sababu hatudai kitu tunachoweza kukishika. Tunapigana kwa ajili ya rais aliye umbali wa kilomita zaidi ya 1,500, na diwani wa mtaa wetu hatumjui hata jina.

Mjue wiki hii. Nenda ofisi ya komini, Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, popote unapokaa, na uende na jirani yako, awe Mluba wa Kasai au Mbemba wa Kasenga. Muulizeni diwani wenu mambo mawili: lini mtachagua bugumesta, na mrabaha wa madini umeingia kiasi gani. Akikataa kujibu, liandikeni jina lake. Mwaka 2028 karti hizo zitoke mfukoni.