Anayeuza Skrini Bapa Achukue na Kisogo

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii ni kongwe kuliko televisheni, lakini leo inawafaa sana wauzaji wa skrini bapa wa Busia na Tororo. Wao hutuuzia kinyemi, kidonda wakatuachia sisi.

Nianze kwa kuwatetea wanunuzi. Kuna watu hucheka wakimwona dereva wa lori akifunga televisheni mpya ndani ya kibini. Husema ni anasa, ati dereva kazi yake ni kuendesha. Wenye maneno hayo hawajawahi kulala barabarani. Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala hupitia Malaba, mlango wa Tororo, au Busia, na kwa muda wote wa safari ndiyo nyumba ya dereva na utingo wake. Nyuma ya viti kuna kitanda na pazia, na chini kuna jiko dogo la gesi na sufuria. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori upande wa Kenya wa Malaba ilifika makumi ya kilomita, na Januari 2022 madereva wakakwama tena kwa sababu ya vipimo walivyotakiwa kulipia ili waingie Uganda. Mtu anayeishi siku kadhaa ndani ya gari lisilosogea ana haki ya kutazama habari na mpira kama mtu yeyote aliye sebuleni kwake, mradi gari limesimama.

Tena kubadilisha kuna faida za kweli. Televisheni ya kisogo, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita ya chogo, ya inchi 14 huwa na uzito wa kilo 10 hivi. Kwenye mabasi ya zamani ilifungiwa ndani ya kizimba cha chuma nyuma ya dereva, na kila shimo la barabarani liliwafanya abiria wa mbele waitazame kwa hofu. Hula umeme mwingi, na hutaka mkondo wa nyumbani, kwa hiyo ndani ya gari ni lazima kuwe na inverta. Skrini bapa ndogo hutumia nusu ya umeme huo au hata chini yake, na ziko zinazotumia volti 12 moja kwa moja. Fundi mwangalifu huweka kifaa cha kushusha volti 24 za lori badala ya kuchomeka waya kwenye betri moja tu na kuiua mapema. Isitoshe, Kenya na Uganda zote zilichagua mfumo wa DVB-T2 zilipohamia matangazo ya dijitali, kuelekea tarehe ya mwisho ya kimataifa ya 17 Juni 2015. Skrini yenye mfumo huo ndani yake hushika matangazo pande zote mbili za mpaka bila king'amuzi.

Basi skrini bapa na iingie. Ugomvi wangu unahusu kile kinachotoka.

Muulize muuzaji yeyote kisogo kinakwenda wapi baada ya kung'olewa, naye atakujibu kwa mabega. Mimi nitajibu kwa niaba yake. Kisogo kina kitu kimoja chenye bei ya haraka, nacho ni shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya bomba lake. Shaba ina mnunuzi. Kwa hiyo kijana wa vyuma chakavu hupasua kisogo kwa nyundo, akatoa shaba, akaunguza nyaya ili plastiki iishe, kisha akaenda kwenye mizani. Kioo hubaki mtaroni. Kioo hicho kimechanganywa na madini ya risasi kwa wingi, makusudi, ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji. Kikiwa kizima kinatulinda, lakini kikishasagika risasi huingia katika vumbi na udongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia kwanza ni watoto, kwa maana sumu hii hudhoofisha ubongo unaokua. Na mvua ya huku haibembelezi: maji ya mitaro yetu huteremka kwenye mito ya Sio na Malaba, na mito haiulizwi pasipoti.

Kwa ufupi, shaba ina bei na kioo hakina. Ndiyo sababu shaba husafiri na kioo kikabaki kwetu. Soko haliwezi kurekebisha jambo hili lenyewe, kwa sababu soko ndilo lililolileta.

Nitaambiwa kwamba serikali zimeshatunga sheria. Ni kweli. Uganda ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2009 kupiga marufuku uingizaji wa televisheni kuukuu. Kenya ina sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji abebe dhamana ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Lakini marufuku ya forodhani hayazibi njia za panya, na hayana la kusema juu ya kisogo ambacho tayari kimo ndani ya nchi. Na dhamana ya mzalishaji ina maana gani ikiwa dukani Busia hakuna hata pembe ya kuweka televisheni moja mbovu?

Nitaambiwa pia, na hoja hii ina uzito zaidi, kwamba kisogo cha dereva ni neema kwa maskini. Atanunua kwa bei ya chini, aongeze king'amuzi, watoto wake watazame. Sipingi. Kisogo kinachofanya kazi na kiendelee kufanya kazi. Lakini tuseme ukweli wote: katika mnyororo huu wa kurithishana, wa mwisho kukishika ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote, na ndiye anayeachiwa sumu. Tajiri hupokea picha safi, maskini hupokea picha hafifu pamoja na gharama ya maziko.

Madai yangu ni mepesi. Kila anayeuza skrini bapa, au anayeifunga ndani ya gari, apokee kisogo kizima na kumpunguzia mteja bei. Gharama ibebwe na mwagizaji, ambaye ndiye wa kwanza kupata faida. Fidia hiyo ikizidi thamani ya shaba, hakuna kijana atakayeshika nyundo. Usafiri nao usiwe kisingizio. Malori mengi hurudi Mombasa na makontena matupu, na yanapita Nairobi, ambako kuna WEEE Centre, kituo cha kushughulikia vifaa vya elektroniki vilivyokwisha. Kwa visogo vya Tororo, Mkataba wa Basel unadai ridhaa ya nchi zote mbili kabla ya taka hatari kuvuka mpaka. Vizuri, waridhiane. Nchi zilizoweza kufungua kituo kimoja cha pamoja cha forodha hapa Busia mwaka 2018 haziwezi kushindwa na karatasi ya visogo.

Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tusikae pembeni kama watazamaji. Kibandiko cha hatari kilicho nyuma ya kisogo huandikwa Kiingereza, wakati mwingine Kichina. Wasamia, Wateso, Wajopadhola na Wabukusu wanaokutana katika masoko ya mpaka huu huuziana kwa Kiswahili, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Tunajadili istilahi darasani miaka nenda miaka rudi, ilhali hakuna aliyemwandikia kijana wa nyundo sentensi moja ya kumwonya. Tuiandike: "Usipasue. Kioo hiki kina sumu ya risasi. Kirudishe dukani." Kisha twende kwa wenye maduka, Busia zote mbili na Tororo, tukawaulize watakipokelea wapi.