Figo Zimeharibika, Mbona Daktari Anauliza Moyo?

Mama mmoja, ambaye mume wake husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma, aliniuliza swali hilo. Ni swali zuri. Kati ya wagonjwa wanaosafishwa damu, maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua wengi zaidi.

Shinikizo la damu na maji yanayojaa mwilini huuchosha moyo, hilo wengi wenu mnalijua. Lakini kuna adui mwingine asiyeonekana. Mtoto akichomwa na mwiba, mahali pale huvimba, huwa pekundu na kupata joto. Mwili unapigana, na baada ya siku chache vita huisha. Kwa mgonjwa wa figo, vita hivyo huweza kuendelea ndani kwa ndani kwa miaka, huku mishipa ya moyo ikiharibika.

Wakati wa vita hivyo ini hutoa kwa wingi protini iitwayo CRP, nayo hupimwa katika damu. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa kichomi. Mwaka 1999 madaktari wa Ujerumani waliowafuatilia wagonjwa 280 wa mashine walieleza kuwa wenye CRP ya juu walikufa zaidi, hasa kwa moyo.

Je, tunywe dawa ya kuishusha? Ilijaribiwa. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao AURORA, uliokuwa na wagonjwa 2,776. Waliopewa vidonge vya rosuvastatini walipungua lehemu, na CRP ikashuka pia. Hata hivyo mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikupungua vya kutosha kuonyesha faida. Kupeperusha moshi si kuzima moto.

Basi tafuta moto uko wapi. Utazame mrija wa shingoni au kifuani: usiloe maji wakati wa kuoga, na ukiona wekundu, usaha, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi akiwa kwenye mashine, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Tazama miguu ya mwenye kisukari. Tazama na fizi, maana fizi zinazotoka damu husahaulika sana. Namba moja ya juu isikutishe. Hata mafua huipandisha. Mwulize daktari kama ipimwe tena.

Na jambo moja kwako wewe mpishi. Hali hii humwondolea mgonjwa hamu ya kula na kumkondesha, hata protini ya damu iitwayo albumini ikashuka. Akisukuma sahani, usijilaumu kwamba hukupika vizuri. Mweleze daktari.

Nilimwuliza mama yule mume wake alikwenda lini kwa daktari wa meno. Alifikiri kidogo, kisha akasema ni kabla ya kuzaliwa mtoto wao wa mwisho. Mtoto huyo yuko darasa la nne.