Ukingo wa Paa na Uhai wa Kibarua



Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei mliokabidhiwa kuyatunza majengo ya parokia na vigango vyetu: katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, limo agizo dogo ambalo sisi wahubiri hulipita upesi. Anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuzungushia paa lake ukuta mfupi, asije mtu akaanguka kutoka juu na nyumba ile ikabeba hatia ya damu. Agizo hilo halimhusu mwizi wala muuaji. Linamhusu mwenye nyumba mwema, aliyejenga kwa jasho lake na asiyemtakia mtu mabaya, ila hakufikiri juu ya ukingo wa paa lake.

Leo napenda tuufikirie ukingo huo. Nazungumzia zile bodi bapa za kijivu zinazofunika ncha za kenchi, ambazo mafundi wetu huziita fishabodi, pamoja na dari ya nje iliyopigiliwa upenuni, katika majengo ya zamani ya serikali, ya shule, ya hospitali na ya misheni. Kwa macho zafanana na saruji nyembamba tu. Lakini katika majengo yaliyojengwa miaka ya 1950 hadi 1980 inawezekana kabisa kwamba saruji hiyo ilichanganywa na asbesto, kama yalivyochanganywa mapaa mengi ya migongo mikubwa ya wakati ule. Tororo, nchini Uganda, palikuwa na kiwanda kizima cha bidhaa hizo. Sasa majengo hayo yamezeeka, bodi zimepasuka, na kila halmashauri ya parokia inayopata fedha kidogo ya ukarabati huanza na paa.

Asbesto ni madini, mwamba unaochanika kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Haiungui kwa moto, haiozi, wala hailiwi na mchwa. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kuichanganya na saruji, akaiita bidhaa yake Eternit, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya umilele. Sisi tuliofundishwa Kilatini seminarini tunalielewa jina hilo bila kamusi. Na kwa hakika nyuzi zile zinadumu. Bodi ikivunjwa, ikikatwa kwa msumeno au ikisuguliwa kwa brashi ya waya, nyuzi ndogo zisizoonekana huruka hewani. Mtu akizivuta hufika ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha wala kuzitoa zote.

Madhara yake hayaonekani kesho. Huchukua miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Ndipo pafu hukakamaa na mtu akaishiwa pumzi, au hupata saratani ya mapafu, au ile saratani ya utando unaozunguka mapafu ambayo haina tiba ya kuiondoa. Kwa mvutaji wa sigara hatari ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Lakini kwa sababu ugonjwa huchelewa hivyo, mgonjwa anapokohoa hudhaniwa ana kifua kikuu, na hakuna anayekumbuka Jumamosi ile alipopanda ngazi kung'oa bodi za kanisa.

Nawaambieni habari ya Jumamosi ya namna hiyo. Katika parokia ya kwanza niliyotumwa baada ya upadrisho, tuliamua kurekebisha nyumba ya zamani. Niliwaomba vijana wajitolee, wakaja kwa furaha. Waling'oa bodi za upenuni kwa mitaimbo na kuzitupa chini kutoka juu ya ngazi. Zilizovunjika walizipondaponda kwa nyundo, tukajazia mashimo ya njia ya kuingilia kanisani. Nzima aliomba mama mmoja akazibie banda la kuku, nikampa nikijiona mkarimu. Akina mama wengine walifagia uwanja, na vumbi likawaka kwenye mwanga wa jioni. Mimi nilisimama kando nikiwashukuru. Miaka michache baadaye, katika mazungumzo na bwana afya, ndipo nilipofahamu bodi zile huenda zilikuwa nini. Hatukuzipima. Vijana wale sasa wana familia, na wote, kwa neema ya Mungu, ni wazima. Lakini miaka 20 haijatimia, nami kila ninaposikia mmoja wao anakohoa, nasikiliza kwa namna nyingine.

Siandiki haya ili kuwatia watu hofu. Bodi iliyo nzima, iliyopakwa rangi na isiyoguswa haimdhuru anayepita chini yake. Aliyevuta vumbi hilo siku moja hajahukumiwa kifo. Hatari hukua kwa kadiri ya vumbi na kwa kadiri ya siku. Lakini ndiyo maana suala hili ni la haki, wala si la ufundi peke yake. Paroko hukaa ofisini, mwenyekiti wa halmashauri huja kukagua. Anayevuta vumbi siku baada ya siku, jengo baada ya jengo, ni kibarua. Na huku kwetu kibarua huyo mara nyingi ni kijana asiye na shamba, au ndugu aliyevuka mpaka kutafuta kazi, asiye na mkataba wala kadi ya bima.

Hadithi hii ni ya zamani. Huko Rochdale, Uingereza, mwanamke aitwaye Nellie Kershaw alifanya kazi ya kusokota asbesto tangu utoto wake. Alifariki mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yakiwa yamejaa nyuzi hizo, na mwajiri wake alikataa kumlipa fidia. Uingereza ilikuja kuikataza kabisa asbesto mwaka 1999, miaka 75 baada ya kifo chake. Afrika Kusini, maelfu ya wachimbaji na jamaa zao walilazimika kupigania hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ili tu wasikilizwe. Mwaka 2000 walikubaliwa, na malipo yakapatikana mwaka 2003, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ujuzi ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwahesabu wale waliovuta vumbi.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunalo jambo letu la pekee la kuangalia. Mimi nilikuwa mtoto mwaka 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24, kuanzia tarehe 28 Aprili. Tuliishi jirani na kambi kwa miaka mingi, na Lukole iliwahifadhi ndugu zetu Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Wakati ule sote, wenyeji na wageni, tulijifunza kwamba hakuna kitu cha kutupwa. Shitingi iliyochakaa iligeuka koti la mvua. Kopo la mafuta ya msaada liligeuka mlango, kibatari, au chombo cha kupimia maharage. Huo ni utajiri wa maskini, nami nauheshimu. Lakini desturi hiyo njema ndiyo inayoweza kutudhuru hapa. Bodi iliyong'olewa parokiani haitakaa jalalani hata usiku mmoja: itakuwa banda la mbuzi, jiko, kizuizi cha choo, au kibao cha mtoto kuchorea. Tukimpa maskini bodi ya asbesto, hatujampa sadaka. Tumemhamishia hatari yetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusiguse kabla ya kujua. Jicho peke yake halitambui, maana zipo bodi za saruji zisizo na asbesto zinazofanana nazo kabisa; ukweli hupatikana maabara. Mpaka hapo, bodi ya kijivu kwenye jengo la zamani ihesabiwe kuwa ya asbesto. Kama ni nzima, iachwe, ipakwe rangi bila kusuguliwa, na iandikwe katika daftari la majengo ya parokia ili paroko ajaye na fundi ajaye waijue.

Pili, kama imeharibika na ni lazima iondolewe, kazi hiyo isiwe ya kujitolea wala ya vijana wa kwaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu taka za namna hii kuwa hatarishi, na mwenye kuzikusanya na kuzisafirisha hutakiwa kuwa na kibali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda mfanyakazi. Ofisi za NEMC na OSHA, pamoja na afisa afya wa wilaya, ndizo za kuulizwa kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.

Tatu, tuujue utaratibu wenyewe, ili tuweze kumdai mkandarasi. Watu na mifugo waondolewe, madirisha yafungwe, nailoni nene itandikwe chini. Mfanyakazi avae vazi la kufunika mwili wote na barakoa maalumu ya kuchuja vumbi laini kabisa. Kitambaa, au zile barakoa tulizovaa wakati wa Korona, havitoshi. Bodi ilowanishwe taratibu kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa bomba la kunyunyizia kama lile la kupulizia mimea dawa, na iendelee kuwa na unyevu. Misumari ing'olewe au ikatwe vichwa kwa koleo, bodi ishushwe nzima mkono kwa mkono, isitupwe. Hakuna msumeno, hakuna nyundo, hakuna mtaimbo wa kuvunjia. Bodi zifungwe kwa nailoni nene tabaka mbili, ziandikwe wazi kwamba ni asbesto. Mabaki yafutwe kwa kitambaa kibichi, wala pasifagiliwe. Mfanyakazi aoge pale pale, wala asiende na nguo zile nyumbani, kwa maana wako wake na watoto wa wafanyakazi waliougua kwa vumbi la nguo tu. Mwisho, mzigo upelekwe kufukiwa mahali palipoidhinishwa. Zisichomwe: zikipata moto hupasuka na kurusha vipande.

Nasikia wajumbe wa kamati ya fedha wakinong'ona: Padre, parokia yetu ni maskini, hayo yote yanagharimu. Ni kweli, yanagharimu. Lakini gharama hiyo haiondoki tusipoilipa. Inalipwa na mapafu ya mtu mwingine, kwa mkopo wa miaka 30. Tena tusiyeweza kumudu kuondoa kwa usalama tunaweza kumudu kutogusa. Rangi na subira ni bei nafuu. Kisichokubalika ni ile njia ya katikati tunayoipenda: kumwita kibarua wa bei ya chini na kutouliza. Katika jambo hili tunaye pia jirani wa kumwangalia: ng'ambo ya Rusumo, Rwanda imekuwa ikiondoa mapaa ya asbesto nchini kote tangu mwaka 2011, yakiwamo ya majengo ya Kanisa. Kenya iliiweka asbesto katika orodha ya taka hatarishi kwa kanuni za mwaka 2006. Nchi hizo si tajiri kuliko dhamiri yetu.

Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinaeleza juu ya nyumba iliyoingiwa na ugonjwa wa kuta. Kuhani ndiye aliyeitwa kuikagua. Kabla hajaingia, aliamuru vitu vitolewe. Kisha mawe yaliyoharibika yaling'olewa na kupelekwa nje ya mji, mahali palipojulikana kwa kazi hiyo, pamoja na udongo uliokwanguliwa. Hakumpa jirani mawe yale akajengee. Nilipokuwa seminarini niliona sura hiyo ni kavu sana. Siku hizi naisoma na kuikumbuka Jumamosi yangu, na ninaona haya, kwa sababu mimi ndimi niliyepaswa kukagua.

Naomba kila parokia na kila kigango chenye jengo la zamani kifanye orodha ya majengo yake kabla ya ukarabati wowote ujao, na jina la fundi na vibarua wake liandikwe katika mkataba pamoja na kinga watakazopewa. Nami nimerudi kwenye parokia ile ya kwanza. Nimewaambia vijana wale ukweli, mmoja mmoja, na kuwasihi wamweleze daktari habari hiyo kila watakapougua kifua. Lile banda la kuku tumemwomba mama yule asilivunje wala kulisugua, mpaka wenye ujuzi waje. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Padre, kwa nini hukuuliza kwanza?"

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika kigango chetu kuna majengo gani ya zamani yenye paa, dari au bodi za kijivu? Nani anazo habari za ujenzi wake?

2. Tunapomwajiri kibarua, parokiani au nyumbani, tunamuuliza nini juu ya usalama wake, nasi tunamlipia nini zaidi ya ujira?

3. Je, katika kaya zetu zimo bodi zilizotoka kwenye majengo yaliyobomolewa? Tumwone nani ili zishughulikiwe bila kuvunjwa?

Amani ya Kristo iwe nanyi.